Mkono: Arobaini na Moja

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, shemeji naye mzima, na kile cherehani chako cheusi bado kinalalamika kila ukikata kona. Huku tupo. Shule imefunguliwa juzi. Darasa langu lina watoto hamsini na watatu na madawati ya watoto arobaini, kwa hiyo kila asubuhi tunaanza na somo la kubanana. Jirani yangu, yule mwalimu wa hesabu ninayegawana naye ukuta, anakusalimu sana. Anasema ipo siku atakuja umshonee gauni, ila anaogopa utepe wako wa kupimia.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu zetu unazijua. Wewe una pini mdomoni, cherehani kinanguruma, mwisho nabaki naongea na mteja wako.

Nina ombi. Nishonee magauni matatu ya kazini: la bluu, la kijani na la rangi ya udongo. Mikono ipite viwiko, na iwe mipana. Yale ya zamani yote yananipwaya, nayashikiza kwa pini mgongoni na nikikaa zinanichoma. Vipimo vyangu vya sasa ni hivi, nimejipima mara mbili:

Kifua 92. Kiuno 74. Nyonga 98. Mkono wa juu 41.

Hiyo ya mkono nimeipigia mstari. Kata hivyo hivyo, dada. Magauni nayahitaji kabla ya siku ya wazazi, mwishoni mwa Februari.

Mdogo wako.


2 Februari

Kibonge wangu (au niache kukuita hivyo? Kwa kiuno hicho sijui tena nikuite nani),

Marahaba, marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako goti linamsumbua, lakini akisikia mpira kwenye redio ya jirani goti linapona. Mpangaji wa chumba cha mbele amehama akatuachia kitanda kisicho na mguu mmoja. Duka linakwenda. Mteja wangu yule mnene wa sokoni amekataa gauni mara tatu, eti linamwonyesha mnene. Nikamwambia mama, gauni halina hatia.

Sasa tuje kwako. Nimekaa na vipimo vyako nikadhani nimevaa miwani ya mtu mwingine. Nikachukua daftari langu la vipimo, lile lenye gamba la plastiki, nikafungua ukurasa wako. Mara ya mwisho nilipokupima, miaka minne iliyopita, kiuno kilikuwa 112. Leo 74! Nikamwita shemeji yako aje aone, akasema huyu si yeye, huyu ni mtoto wake. Nimefurahi, sikufichi. Halafu nikaogopa kidogo. Unakula lakini?

Ila umeniacha hoi na huo mkono. Zamani ulikuwa 44. Mtu apungue kiuno sentimita thelathini na nane halafu mkono upungue tatu? Nimeshona miaka ishirini na sita, mwili kama huo sijauona. Mwenye kiuno cha 74 ana mkono wa 28, 29, ukizidi sana 31. Nikajua hapo kalamu imeteleza, 3 ikawa 4, na mstari ukaupiga kwa bahati mbaya. Basi nimekusahihishia. Nimekata 31. Leo fundi amemsahihisha mwalimu, niandikie tarehe hiyo mahali.

Magauni ndiyo haya ndani ya mzigo. La bluu ndilo nililolipenda zaidi. Ndani ya kila mshono nimekuachia kitambaa cha akiba cha vidole viwili kama kawaida yangu, ukinenepa tena ufumue bila kunililia.

Dada yako.


24 Februari

Dada,

Shikamoo. Mzigo umefika salama, ahsante sana. Magauni mazuri na rangi nzuri. Pole kwa goti la shemeji.

La bluu limepata ajali, nitakueleza siku nyingine. Hayo mawili nimeyaweka sandukuni kwanza.

Hivi, dada, mama alikuwa na mikono ya namna gani? Ninayo picha yake moja tu na amevaa koti. Wewe ulikuwa mkubwa, lazima unakumbuka.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nijibu nini. Barua ya mistari saba! Hata anayenidai vifungo ananiandikia zaidi ya hapo. Ajali gani iliyolipata gauni la bluu? Pasi? Panya? Na hayo mawili yana kosa gani mpaka yawekwe sandukuni, si ulisema ya zamani unayashikiza kwa pini? Nimemuuliza shemeji yako, akasema mwache, watu wazima wana mambo yao. Yeye kila kitu ni mwache.

Umeniuliza mikono ya mama. Swali la ajabu lakini nakujibu. Ilikuwa minene huku juu, laini, na ngozi yake ilining'inia. Wewe ulikuwa hulali mpaka uishike. Unaminya ile nyama ya chini polepole kama mtu anayechagua nyanya, mpaka usingizi unakuchukua, na mama hathubutu kujigeuza. Sisi wakubwa tulikuwa tunakuonea wivu. Sasa hivi ninayo mimi. Nikipiga pasi inapiga pasi nayo. Mjukuu wangu keshaigundua.

Kwa nini unauliza? Mdogo wangu, watu hawapungui hivi hivi. Juzi mteja mmoja aliyepita huko kwenu ameniambia amekuona, kasema, "Mdogo wako amekwisha." Nikamfukuza na kitambaa chake. Lakini neno limebaki limenikaa hapa kifuani. Unaumwa? Kama ni mwanamume, niambie. Kama ni ugonjwa, niambie zaidi. Nakuuliza moja tu, nijibu moja tu.

Dada yako.


23 Aprili

We mtoto,

Leo hakuna salamu. Wiki tano! Nimepiga simu yako mara saba, imezimwa. Nikapiga ya ofisini shuleni kwenu. Mwalimu mkuu akaniambia uko likizo ya matibabu. Matibabu gani? Akasema yeye hajui, karatasi imeandikwa upasuaji. Upasuaji wa nini? Akasema mama, nina kikao. Nikamwomba aniitie jirani yako. Yule mwalimu wa hesabu akaja anahema, akasema, "Usiwe na wasiwasi, anaendelea vizuri, ila hawezi kuinua mikono." Kabla sijafungua mdomo simu ikakatika.

Hawezi kuinua mikono! Ndiyo maneno ya kumwambia mtu asiwe na wasiwasi hayo? Ni kiharusi? Umegongwa? Kiharusi hakipasuliwi. Nimekaa hapa nimeshika mkasi, nimemkatia mteja suruali mguu mmoja mfupi. Sijui nilie au nifunge safari. Shemeji yako hata yeye hajasema mwache, na hilo ndilo limenitisha zaidi.

Nijibu. Hata kwa mstari mmoja.

Dada yako.


27 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu, ni wa jirani yangu wa hesabu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimeambiwa nisiinue viwiko mpaka bandeji zitolewe, na kalamu nikiishika dakika mbili kwapa linawaka moto. Sina kiharusi. Sikugongwa. Siumwi ugonjwa wowote. Nimepasuliwa mikono yote miwili kwa kutaka mwenyewe. Daktari ametoa ngozi iliyokuwa imelegea huku juu, kuanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko.

Sasa umeshajua. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Niliamua kupungua baada ya daktari kuniambia presha yangu ni ya bibi wa miaka themanini. Nilitembea kwenda shule na kurudi, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, miaka mitatu. Nikaacha vitamu vyote. Mwili ukaondoka kweli, ila ngozi ya mikono haikupata habari. Ikabaki inaning'inia. Mimi ni mwalimu, dada, kazi yangu ni kuinua mkono. Kila nikiandika juu ya ubao, mimi nimeshamaliza neno na yenyewe bado inaandika. Siku moja mwaka jana naandika tarehe, nikasikia nyuma yangu mnong'ono, wengi kwa pamoja, taratibu kabisa. Nikadhani wanasoma. Walikuwa wanahesabu. Walikuwa wanahesabu imetikisika mara ngapi. Ilifika kumi na saba.

Sikuwapiga, sikuwafokea. Niliweka chaki chini nikawaambia wafungue vitabu. Tangu siku ile nikawa naandika nusu ya chini tu ya ubao, na tarehe namwagiza mtoto aiandike.

(Mimi mwandishi nasema: hapa kalamu tumeiweka chini. Tumekunywa chai.)

Halafu magauni yakaja. Dada, sikukosea namba. Ilikuwa 41 kweli. Siku ya wazazi niliamka mapema nikavaa lile la bluu. Nilitia mikono yote miwili kwa mpigo kwa sababu nilikuwa na haraka. Ikapita viwiko, ikafika hapo kwenye nyama, ikakwama. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba mikono juu, gauni limenifunika uso, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nikagonga ukuta kwa kiatu mpaka jirani akaja. Naye alijaribu kuvuta, nikapiga kelele. Ikabidi alikate gauni na mkasi wa karatasi.

(Ni kweli. Nilikata mimi. Naomba radhi kwa fundi, mshono ulikuwa imara sana.)

Nikaenda kukutana na wazazi nimevaa koti la mvua na jua lote lile. Wiki iliyofuata nikaenda hospitali kuuliza. Tarehe kumi na nane mwezi huu wakanipasua.

Hukuulizwa kwa sababu ungesema acha. Na ungesema mikono ya mama. Nilikuuliza nikijua utakachojibu, halafu ukajibu vizuri kuliko nilivyotegemea, nikashindwa kukuandikia tena.

Sasa nakwambia ukweli mwingine: sijui kama nimefurahi. Nilidhani nikiamka nitafurahi tu. Wanakuja kubadilisha bandeji, natazama mkono, mwembamba, umevimba kidogo, una mstari mrefu mwekundu, na najiuliza huu ni wa nani. Kitu pekee ninachokijua ni kwamba sijaosha nywele siku tisa kwa sababu siwezi kufika kichwani.

(Nimemwambia nitamwosha mimi. Hataki. Anasema kichwa chake kimezoea mikono ya dada yake.)

Hilo sikumwambia aandike.

Mdogo wako.


4 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, nikaichana. Ya pili ya pole, nikaichana pia kwa sababu bado nilikuwa na hasira. Ya tatu shemeji yako aliisoma akasema hujui unachotaka. Kweli sijui. Basi nakuandikia hivyo hivyo nilivyovurugika.

Nimekasirika. Ulilala mezani ukachinjwa mikono miwili, na aliyekaa nje ya mlango ni jirani! Mimi nimekubeba mgongoni mpaka ukawa unaburuza miguu chini. Ungeniambia ningekuja na sufuria zangu, hata kama ningenuna njia nzima. Ni mikono ya mama, unasema kweli ningesema hivyo, na sasa nimesema. Nimeitazama ya kwangu kwenye kioo cha wateja nikajiuliza, kumbe hii ni kitu cha kukatwa? Nina aibu nayo tangu juzi, na sikuwahi kuwa nayo. Hilo nalo nimekukasirikia.

Halafu usiku wa hasira ukaisha, nikafungua daftari. Barua yako ya Januari nimeibandika humo. 41, na mstari chini yake, umenyooka kama wa rula. Mtu hapigi mstari wa namna ile kwa bahati mbaya. Wewe, ambaye tangu darasa la kwanza ukiandika unarudia kusoma, uliniandikia kwamba umejipima mara mbili. Nami nikajua mwili wako kuliko wewe mwenyewe, kutoka umbali wa safari ya siku mbili. Wateja wananidanganya vipimo kila siku, wanavuta tumbo ndani, nimezoea kuwasahihisha. Lakini wewe ulisema kweli na nikakufanya kama mteja. Nisamehe. Sijui kama ningekata 41 usingekwenda huko hospitali. Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Nina maswali ya kifundi na usinicheke. Mshono ameupitisha wapi? Kama ana akili ameuficha upande wa ndani, ule unaogusa mbavu. Amekuachia akiba? Mimi siwezi kupunguza nguo ya mtu bila kuacha akiba, naona kama kumfungia mlango. Na vipande je? Mimi mteja humrudishia vipande vyake vyote, hata vya ukubwa wa kidole. Vya kwako vimekwenda wapi?

Nywele usimruhusu mtu. Nafika Jumanne.

Dada yako.


12 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba shemeji hakula mikate mitupu wiki zote tatu. Jirani anauliza utarudi lini. Tangu uondoke hakuna wa kumgombeza na anasema nyumba imepoa. Nywele nimeosha mwenyewe jana kwa mara ya kwanza. Zimetakata, ila si kama ulivyokuwa ukizifanya.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza. Ajabu, wiki tatu chumba kimoja, unaniogesha, unanisuka, unanifunga vifungo, na maneno yote yalikuwa ya chumvi na sabuni. Basi nakujibu maswali yako kwa barua. Mshono uko upande wa ndani, umeuona mwenyewe, uliutazama kwa jicho la kazi mpaka nesi akakuuliza kama wewe ni daktari. Akiba daktari hakuacha hata unywele. Vipande nilimwuliza. Alinitazama kama nimemwomba arudishe mafuta ya gari, akasema huchomwa. Niliporudi kitandani nililia sana, na sikujua nalilia nini, kwa sababu kile kitu nilikichukia miaka mitatu.

Bado nimechanganyikiwa. Nikilala mkono wangu wa kulia unaenda kuutafuta wa kushoto uminye, unakuta hakuna. Nikipita mbele ya kioo nafurahi, halafu nafika mlangoni furaha imekwisha. Kisha inarudi. Daktari anasema nijipe mwaka.

Yale magauni mawili nimeyatoa sandukuni. Yamenikaa sawasawa, dada. Ulikata mkono wa mtu ambaye alikuwa hajafika bado. Sijui nikushukuru au nikununie, kwa hiyo nimeyavaa tu.

Jumatatu nilirudi darasani na lile la kijani. Mistari ya mshono mikononi ilikuwa inaniwasha, nikakunja mikono ya gauni. Nikachukua chaki, nikainua mkono mpaka juu kabisa ya ubao, kule ambako vumbi halijafutwa tangu mwaka jana, nikaandika tarehe. Nilikuwa nasubiri. Hakuna aliyehesabu. Nikageuka, wote hamsini na watatu wananitazama. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, nani alikushona?"

Nikasema, "Dada yangu."

Sijui lilitoka wapi. Halikupita kichwani kabisa, lilitoka tu, na baada ya kulisema sikutaka kulirudisha. Msichana akasema, "Amejitahidi," tukaendelea na somo. Sasa shule nzima inajua dada yangu ni fundi anayeshona watu. Walimu wawili wamekuja kuniuliza duka lako liko wapi. Jirani nimemweleza ukweli, akacheka mpaka akakaa chini, lakini naye amekuandikia barua, nimeiweka humu ndani. Hataki upasuaji. Anataka gauni.

Na mimi nishonee la bluu tena, badala ya lile. Safari hii usiweke mikono. Sijui kama nitathubutu kulivaa, lakini liwepo. Mkono wa juu ni 29. Gauni halina mikono, kwa hiyo namba hiyo huihitaji, nimekuandikia tu uiweke daftarini.

Mdogo wako.


30 Juni

Kibonge (nimeamua, litabaki hilo hilo),

Marahaba. Nilifika salama. Shemeji yako alikula mikate mitupu na amenenepa.

Mjukuu wangu alilala hapa juzi ameshika mkono wangu, ile nyama ya chini, anaminya. Nikaona aibu niliyokuja nayo kutoka huko imekwisha bila kuaga. Ukija likizo, na ukitaka, huu hapa upo, haujapunguzwa.

Gauni lako la bluu liko ndani ya mzigo, halina mikono. Kipande cha mikono kilichobaki nimekikunja nimekuwekea mfukoni. Siku ukiitaka, nitaishona.

La jirani yako lipo chini yake. Alinitumia vipimo vyake kwa mwandiko wa hesabu, umenyooka: kifua 96, kiuno 78, mkono wa juu 43. Nikashika chaki, nikasema moyoni hapana, huyu naye kalamu imeteleza. Mkono wenyewe ukaanza kuchora 33 juu ya kitambaa. Nikaifuta. Nikavaa miwani, nikasoma barua yake mara ya pili, nikakata arobaini na tatu.

Dada yako.